Juni 1940: Mabomu Yalipoishukia Wajir

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Siku tatu tu baadaye ndege zake zilikuwa juu ya Wajir, kaskazini mwa Kenya, zikiudondoshea mabomu uwanja wa ndege uliotumiwa na Jeshi la Anga la Uingereza.

Kwa nini Wajir? Mji huu una visima vingi ambavyo maji yake hayako mbali na uso wa ardhi, na katika NFD (Northern Frontier District), kama wazee wanavyoliita bado eneo hili, jeshi lisilo na maji halifiki popote. Penye visima ndipo serikali ya kikoloni ilipojenga boma, ndipo njia zilipokutana, na ndipo ndege zilipopata pa kutua.

Mwezi uliofuata vita vilikuja kwa miguu. Katikati ya Julai Waingereza waliuhama mji wa mpakani wa Moyale baada ya kuzingirwa, na Waitaliano wakasonga hadi Debel na Buna; Buna iko ndani ya eneo ambalo leo ni Wajir Kaskazini, jirani na mji wa Bute. Sisi tukisimulia habari za askari wa Keya (King's African Rifles) hutaja Burma, tukasahau kwamba vita vilipiganwa hapa hapa. Tarehe 16 Desemba majeshi ya Afrika Kusini na Gold Coast, Ghana ya leo, yaliivamia El Wak, mji mwingine wa visima. Februari 1941 Moyale ikarudi mikononi mwa Waingereza. Mfugaji hakuulizwa; ngamia wake walitaka maji kwenye visima vile vile walivyovigombania wenye bunduki.

Nayakumbuka haya ninaposoma habari za kituo cha nyuklia cha Chornobyl, Ukraine, ambako nako vita vilishuka kutoka angani. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2025, ndege isiyo na rubani iliyobeba kilipuzi ilitoboa paa la kuba la chuma lililosogezwa mwaka 2016 kufunika kinu namba 4, kile kilicholipuka mwaka 1986. Kuba hilo lilijengwa lidumu miaka 100. Moto ulifukuta ndani ya tabaka za paa kwa wiki kadhaa, ingawa mionzi haikupanda nje. Ukraine iliilaumu Urusi, Urusi ikakanusha.

Mjini Kyiv kuna Makumbusho ya Taifa ya Chornobyl, yaliyofunguliwa mwaka 1992 katika jengo lililokuwa kituo cha zimamoto. Naupenda uamuzi huo, maana wazimamoto ndio waliotangulia kuukabili moto wa 1986, na wengine wao walikufa kwa mionzi.

Wajir nayo inastahili onyesho la 1940: ramani ya visima, picha za uwanja wa ndege, majina ya askari wa Keya, na sauti za wazee kwa Kisomali na Kiborana. Lisibaki mjini; lifike Buna na Bute, ambako vita vilipita karibu na maboma ya wafugaji. Aliyekuwa na miaka 10 mabomu yalipoanguka sasa ana miaka 95 au zaidi. Kurekodi kuanze na wazee kama hao, kabla hata ya kutafuta jengo.