Utando wa Seli: Historia ya Mpaka Unaotiririka

Kila kiumbe hai, kuanzia bakteria hadi binadamu, kimejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando ambao unene wake haufiki sehemu moja ya laki moja ya milimita. Utando huo hupitisha chakula, huzuia sumu na hupokea ishara za homoni. Kwa muda mrefu wataalamu waliudhania kuwa ukuta. Leo inajulikana kuwa una hali ya kimiminika, na kwamba seli hutumia nguvu kuhakikisha umajimaji wake hauzidi wala haupungui. Ujuzi huo umekusanywa kwa zaidi ya karne mbili.

Dhana ya ukuta ilitangulia. Mwaka 1665, Robert Hooke wa Uingereza alikitazama kipande cha gome kavu kwa hadubini, akaona vyumba vidogo vilivyopangana, akaviita seli. Alichokiona kilikuwa mabaki ya mmea uliokufa, lakini taswira ya chumba na kuta zake ilibaki vichwani mwa wasomi kwa vizazi vingi. Karne moja baadaye, mwaka 1774, yalichapishwa maelezo ya Benjamin Franklin kuhusu jaribio alilolifanya katika bwawa la Clapham, London. Alimimina mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chai, nayo yakatanda juu ya maji hadi kutuliza mawimbi kwenye eneo la karibu nusu ekari. Franklin hakuwa akichunguza viumbe hai. Hata hivyo, alionyesha kuwa mafuta yakikutana na maji hujitandaza yenyewe kuwa utando mwembamba mno.

Karne ya 19 ilileta kemia ya mafuta. Mfaransa Michel Chevreul, katika kitabu chake cha mwaka 1823, alieleza kuwa mafuta ya wanyama yana asidi za aina mbalimbali. Asidi ya steariki huyeyuka kwenye nyuzijoto 69 hivi, ilhali asidi ya oleiki huyeyuka kwenye nyuzijoto 13 hivi. Zote mbili zina atomi 18 za kaboni. Kilichozitofautisha kilikuja kufahamika baadaye: mkia wa asidi ya steariki umenyooka, kwa hiyo molekuli zake hubanana na kuganda mapema, na ule wa oleiki umepinda mahali ambapo kaboni mbili zimeungana maradufu, kwa hiyo hauruhusu kubanana. Urefu wa mkia nao una uzito wake, kwani mkia mfupi huyeyuka upesi kuliko mrefu. Jambo hili tunaliona majumbani mwetu: mafuta ya nazi, ambayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, hubaki majimaji Mombasa karibu mwaka mzima, lakini Limuru au Njombe huganda chupani.

Mwisho wa karne hiyo ulikuwa na mavuno makubwa. Mwaka 1888, mjini Prague, Friedrich Reinitzer alipasha moto kemikali iliyotokana na kolesteroli akaona inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzijoto 145.5 iligeuka kimiminika chenye ukungu, na kwenye 178.5 ikawa angavu. Hali hiyo ya kati, isiyo yabisi kamili wala kimiminika kamili, ndiyo ambayo baadaye ingetambuliwa kuwa hali ya utando wenyewe. Mwaka 1891, jarida la Nature lilichapisha barua ya Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani. Bibi huyu, aliyezaliwa zama ambazo vyuo vikuu vya nchi yake viliwafungia wanawake milango, alikuwa amebuni jikoni kwao chombo cha kupimia tando za mafuta juu ya maji. Na katika miaka ya 1890, huko Zürich, Ernest Overton alijaribu mamia ya kemikali kwenye seli akabaini kuwa zile zinazoyeyuka kwenye mafuta hupenya upesi zaidi. Alihitimisha kuwa mpaka wa seli una asili ya mafuta.

Robo ya kwanza ya karne ya 20 ilijibu swali la mpangilio. Mwaka 1917, Mmarekani Irving Langmuir, akiendeleza mbinu ya Pockels, alithibitisha kuwa molekuli za mafuta husimama wima juu ya maji, vichwa vikigusa maji na mikia ikielekea hewani. Mwaka 1925, Evert Gorter na François Grendel wa Leiden, Uholanzi, walitoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza, wakakuta yanatosha kuufunika uso wa chembe hizo mara mbili. Utando ulikuwa na tabaka mbili za mafuta, vichwa nje, mikia ndani.

Kilichofuata kilikuwa kipindi cha utulivu wa kupotosha. Mwaka 1935, James Danielli na Hugh Davson walipendekeza kuwa tabaka hizo zimefunikwa na protini pande zote mbili. Katika miaka ya 1950, hadubini ya elektroni ilimwonyesha J. David Robertson mistari miwili myeusi yenye mwanga katikati, naye akauona kuwa muundo wa tando zote. Picha hizo zilikuwa za kweli. Lakini zilipigwa kwenye seli zilizokaushwa na kutiwa rangi, na picha ya kitu kilichotulizwa haiwezi kuonyesha mwendo. Dhana ya ukuta ikaishi tena.

Mwaka 1970 iliporomoka. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Larry Frye na Michael Edidin waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu kwa kutumia virusi. Protini za panya walizipaka rangi ya kijani inayong'aa, za binadamu nyekundu. Mwanzoni kila rangi ilikaa nusu yake. Baada ya dakika 40 kwenye nyuzijoto 37, rangi zilikuwa zimechanganyika karibu katika seli zote. Kuzima uzalishaji wa nishati wa seli hakukuzuia mchanganyiko huo. Kilichouzuia ni kushusha joto chini ya nyuzi 15. Kumbe protini zilikuwa zikielea, na zikakwama mafuta yalipokuwa mazito. Februari 1972, Jonathan Singer na Garth Nicolson walichapisha katika jarida la Science maelezo yanayofundishwa hadi leo: utando ni bahari ya mafuta ambamo protini zimezama na kuhama.

Swali likageuka: nani anaudhibiti umajimaji huo? Mwaka 1974, Michael Sinensky alionyesha kuwa bakteria wa E. coli, wakikuzwa popote kati ya nyuzijoto 15 na 43, hubadilisha asidi za mafuta ili umajimaji wa utando ubaki uleule. Baridi ikija, huongeza mikia iliyopinda. Joto likipanda, huongeza iliyonyooka. Samaki wanaozoea maji baridi hufanya vivyo hivyo. Wanyama wana pia kolesteroli, ambayo joto likizidi huzuia mikia isihangaike mno, na baridi ikizidi huizuia isibanane. Kiumbe asiyeweza kujirekebisha hudhurika: ndizi mbichi zikihifadhiwa chini ya nyuzi 13 hivi, ganda hugeuka jeusi, na wengi wa watafiti huanzia kwenye utando wanapolieleza jambo hilo.

Zama zetu ni tunda la ujuzi huo. Katika miaka ya 1960, Alec Bangham, huko Babraham, Uingereza, alikuwa ameonyesha kuwa mafuta ya utando yakitiwa majini hujifunga kuwa vifuko. Leo vifuko hivyo hubeba dawa. Mojawapo, amfoterisini B, huua fangasi kwa kushika ergosteroli, mafuta yanayofanya katika utando wa fangasi kazi ambayo kolesteroli hufanya katika wetu. Mwaka 2022, matokeo ya jaribio lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe yalionyesha kuwa, kwa wagonjwa wa VVU wenye homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi, dozi moja kubwa ya dawa hiyo ndani ya vifuko vya mafuta, ikiambatana na vidonge, haikuzidiwa na tiba ya kawaida ya wakati huo, na madhara yake yalikuwa machache. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka huohuo. Chanjo za mRNA za mwaka 2020 nazo zilisafirishwa ndani ya chembechembe za mafuta zenye kolesteroli.

Tangu bwawa la Clapham hadi wodi za Kampala, mafuta hayakubadilika. Kilichobadilika ni macho ya wanaoyatazama. Mwanafunzi anayekutana na mchoro wa utando katika kitabu cha biolojia akumbuke kuwa mchoro umesimama lakini utando haujasimama, na kwamba uhai unaendelea pale tu utando unapobaki kati ya kuganda na kuyeyuka.