Mhalifu Ambaye Ugogo Haikuweza Kumsaka

Mei 1960 majasusi wa Israel walimkamata mhalifu wa Kinazi Adolf Eichmann jijini Buenos Aires, alikokuwa akiishi kwa jina la Ricardo Klement, wakamtorosha kwa ndege ili akashtakiwe Jerusalem. Filamu ya Operation Finale, iliyotoka mwaka 2018, inasimulia msako huo na kuweka uzito mkubwa kwenye ushupavu wa majasusi. Lakini fununu muhimu ilitoka kwa Lothar Hermann, mkimbizi kipofu aliyewahi kufungwa kambi ya Dachau. Ikamfikia Fritz Bauer, mwendesha mashtaka wa jimbo la Hesse, naye kwa kutowaamini maofisa wenzake wa Ujerumani akaipeleka Israel. Eichmann alipatikana kwa sababu aliyedhulumiwa alikuwa na mahali pa kupeleka neno lake, na nyuma ya mahali hapo palikuwa na dola. Penye uhalifu pasipokuwa na mahali pa namna hiyo, msako hauanzi, hata kama mhalifu amekiri mwenyewe kwa maandishi. Ugogo ni shahidi wa jambo hilo.

 Katika karne ya 19 Ugogo, nchi ya Wagogo iliyo Dodoma ya leo, ilikuwa mapito ya misafara kati ya pwani na Unyanyembe. Mvua ni haba, visima vichache, na msafara wa mamia ya watu uliweza kumaliza akiba ya kijiji. Ndiyo maana watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na wageni walilipa: Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Mkoloni wa Kijerumani Carl Peters alipopita mwaka 1890, akitoka Buganda kuelekea Mpwapwa, aliichukulia hongo kama dharau kwa Mjerumani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata, anaeleza kwa majivuno jinsi alivyopigana na watu wa mtemi Makenge: vijiji viporwe, nyumba zichomwe, na kisichoshika moto kivunjwe. Ng'ombe walichukuliwa kwa mamia. Hakuna jasusi aliyehitajika kuufichua ukweli huo, kwa kuwa ulikuwa ukiuzwa madukani Ulaya.

Na bado hakuna mahakama iliyomshtaki kwa yale ya Ugogo. Serikali yake ilimpa cheo cha Kamishna wa Kaisari huko Kilimanjaro, na kati ya 1891 na 1892 akawanyonga huko mtumishi wake Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodia. Kilichomwangusha ni mbunge August Bebel kuilipua habari hiyo ndani ya bunge la Ujerumani mwaka 1896. Peters akahamia London, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza utumishi. Hicho ndicho kilele cha adhabu yake. Kaisari Wilhelm II alimrudishia cheo mwaka 1905, akampa pensheni mwaka 1914, na Peters akafa mwaka 1918 akiwa huru.

Wapo watakaosema nampima mtu wa kale kwa sheria za baadaye. Hoja hiyo ingekuwa nzito kama wa zama zake wangemwona hana hatia, lakini waliomlaani bungeni na waliomfukuza kazi walikuwa Wajerumani wa zama zilezile. Wengine watasema Wagogo walikuwa wakisumbua misafara. Ugomvi juu ya hongo ulikuwepo, tena mkali, ila ugomvi wa ushuru hauhalalishi kuteketeza makazi ya watu na kuondoka na mifugo yao katika nchi ambayo njaa haiko mbali. Pingamizi zito zaidi ni la tatu: kwamba Eichmann alipanga usafirishaji wa mamilioni kwenda kuuawa, na kumtaja pamoja na Peters ni kupunguza uzito wa mauaji hayo. Ukubwa haulingani, nami silinganishi. Ninachouliza ni nani alisikilizwa. Watu wa Makenge wangeshtaki kwa nani, ilhali nchi yao ilikuwa inageuka koloni la dola ileile ambayo Peters aliitumikia?

Wanazi walikijibu kisa hiki kwa namna yao. Hitler alimsafisha Peters mwaka 1937, na mwaka 1941 ikatoka filamu iliyobeba jina lake, Hans Albers akimwigiza kama shujaa aliyeonewa. Ndani yake, katika nafasi ya mtumishi mwaminifu, yumo Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, askari wa zamani wa jeshi la Kijerumani na mwalimu wa Kiswahili jijini Berlin. Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia humo Novemba 1944. Kwa hiyo sinema ya kwanza kubwa kuhusu mtu ambaye Watanganyika walimwita Mkono wa Damu ilitengenezwa na wauaji, ikamtumia Mtanganyika waliyekuja kumuua. Mtunzi wa Dodoma anayetamani kisa cha kijasusi ana hapa kisa kizito cha nyumbani, na ushahidi wake wa kwanza umechapishwa na mtuhumiwa mwenyewe tangu 1891.