Pipa
Wiski ya Scotland ya kimea cha shayiri, inayomalizia kukomaa katika mapipa yaliyokuwa na mvinyo, inakutanisha maneno mawili tuliyoyapata kwa Wareno: pipa na mvinyo. Kwao pipa ni la mvinyo hasa. Sisi tumelijaza maji, mafuta, hata takataka. Kanuni za Uingereza za 2009 zinaitaka wiski hiyo ikae angalau miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700. Wanaoandika “mtungi wa mbao” waache. Mtungi ni wa udongo, siku hizi na wa gesi. Andikeni pipa.