Leza dhaifu ya Budapest: mwanga ulioshindwa kuua ukaanza kuponya

Mwaka 1967, jijini Budapest, daktari mpasuaji Endre Mester alikuwa akikagua migongo ya panya walionyolewa manyoya. Alikuwa ameshavuka miaka 60, na alichotafuta ni dalili kwamba uvimbe wa saratani aliowapandikiza umeanza kunywea baada ya kumulikwa kwa leza. Uvimbe ulikuwa palepale. Lakini jambo ambalo hakulitafuta lilikuwa wazi: panya waliomulikwa walikuwa wakiota manyoya upesi kuliko wenzao, na majeraha yao yalikuwa yakifunga mapema.

Kwa mujibu wa kisa kinachosimuliwa zaidi, Mester alikuwa akirudia jaribio la Paul McGuff wa Boston, Marekani, ambaye alikuwa ameangamiza uvimbe wa panya kwa leza ya yakuti. Leza ya Budapest nayo ilikuwa ya yakuti, ila nguvu zake zilikuwa chache mno. Mwingine angeilaumu mashine na kulifunga jalada. Mester akaandika habari za manyoya. Tiba ambayo leo hutuliza vidonda vya kinywani kwa wagonjwa wa saratani ilianzia hapo, kwenye mashine iliyoshindwa kazi iliyokusudiwa kufanya.

Hakuwa wa kwanza kuamini kwamba mwanga unatibu. Miaka 70 na ushei kabla yake, Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe aliyesomea udaktari Copenhagen, alikuwa akiugua maradhi yaliyomdhoofisha mwaka hadi mwaka. Inasimuliwa kwamba siku moja alimtazama paka aliyejilaza juani juu ya paa. Kila kivuli kilipomfikia, paka alinyanyuka, akasogea, akajilaza tena juani. Finsen akajiuliza paka yule anafuata nini.

Alilitafuta jibu kwa taa kali za umeme wa kaboni. Mwanga wake aliukusanya kwa lenzi, akaupoza kwa maji ili usiunguze, kisha akauelekeza kwenye ngozi iliyoliwa na kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukiharibu pua, midomo na mashavu ya watu. Muuguzi alikandamiza kipande cha kioo cha kwatzi juu ya kidonda ili damu isogee pembeni na mwanga upenye ndani. Tiba ilikwenda siku baada ya siku, kwa miezi. Taasisi yake ilifunguliwa Copenhagen mwaka 1896, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 43. Baadaye zikaja dawa za kuua vijidudu, streptomaisini ikiwamo, na taa za Finsen zikazimwa moja moja.

Tofauti ya Finsen na Mester ni kubwa. Mwanga wa Finsen ulikuwa silaha ya kuua vijidudu. Ule wa Mester haukuua kitu. Ulionekana kuzigusa seli hai, nazo zikaongeza bidii.

Leza yenyewe ilikuwa bado changa. Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza tarehe 16 Mei 1960, Malibu, California, kwa fimbo ya yakuti iliyotengenezwa kiwandani. Haikupita miaka mitano madaktari wa meno wakaichukua, na wao walitaka nguvu: leza ikate jino mahali pa mashine ya kutobolea ambayo kila mgonjwa huichukia. Mwaka 1965, daktari wa ngozi Leon Goldman wa Cincinnati alimulika jino la ndugu yake Bernard, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa meno. Bernard hakusikia maumivu, na jino lilidhurika juujuu tu. Hata hivyo, watafiti waligundua kwamba leza ya yakuti ina joto linaloweza kuua nyama laini iliyo ndani ya jino. Leza za kukatia meno zilisubiri miaka mingi kabla ya kuingia kliniki.

Kwa hiyo wakati wenzake wakihangaika kuupunguza ukali wa leza, Mester alikuwa na leza isiyo na ukali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuwamulika watu wenye vidonda sugu vya ngozi, hasa vile vya miguuni ambavyo dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Nchi za Ulaya Mashariki na Urusi ya Kisovieti ziliipokea tiba hiyo mapema. Magharibi ilitazamwa kwa shaka, na shaka hiyo ilikuwa na sababu: hakuna aliyeweza kueleza mwanga usiounguza unafanya nini ndani ya mwili.

Jibu lililopata wafuasi wengi lilitoka kwa mtafiti Tiina Karu, aliyefanya kazi Urusi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alielekeza kidole kwenye mitokondria, vile vijinofu ndani ya seli vinavyozalisha nishati. Humo mna kimeng'enya kiitwacho saitokromu oksidesi, ambacho hufyonza mwanga mwekundu na ule wa infraredi usioonekana kwa jicho. Kikishaufyonza, seli hupata nishati zaidi ya kujikarabati. Wanasayansi hawajafunga mjadala huo, lakini maelezo ya Karu ndiyo yaliyowapa watafiti mahali pa kuanzia.

Kinywani ndiko tiba hii ilikopata heshima yake. Mgonjwa wa saratani anayepigwa mionzi kichwani au shingoni, au anayepewa dawa kali kabla ya kupandikizwa uboho, mara nyingi hubabuka kinywa kizima. Ulimi, mashavu na koo huwa kidonda kimoja. Uji haupiti, hata mate humezwa kwa machozi, na wakati mwingine matibabu ya saratani yenyewe husimamishwa. Madaktari wa Nice, Ufaransa, walianza kuwamulika wagonjwa wa namna hiyo kwa leza ya gesi za heliamu na neoni, yenye mwanga mwekundu wa nanomita 632.8. Mwaka 1999, René-Jean Bensadoun na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa mionzi: waliomulikwa walipata vidonda hafifu zaidi na maumivu pungufu.

Msaada mwingine ulitoka mahali pasipotarajiwa. NASA ilikuwa imegharimia taa za LED za kukuzia mimea angani, na mwaka 1995 zilitumika kukuza viazi ndani ya chombo cha anga. Daktari Harry Whelan wa Wisconsin akazijaribu kwa binadamu, na mwaka 2002 timu yake ikachapisha habari za watoto waliopandikizwa uboho, ambao vinywa vyao vilimulikwa kila siku kwa mwanga mwekundu wa nanomita 670. Ikaonekana kwamba hata taa isiyo leza inaweza kufanya kazi hiyo, na kwa gharama ndogo.

Mwongozo ukafuata. Chama cha kimataifa cha huduma saidizi kwa wagonjwa wa saratani, MASCC, kiliipendekeza tiba hii mwaka 2014 kwa wanaopandikizwa uboho, na mwaka 2020 kikapanua mapendekezo hayo kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Jina nalo lilibadilika njiani. Mester aliiita tiba hii uchochezi wa uhai kwa leza. Wengine wakasema leza baridi, wengine leza laini. Leo wataalamu husema fotobayomodulesheni.

Kwingineko kinywani, kama maumivu ya meno yanayonyooshwa kwa waya, ganzi la meno, au jeraha la gego lililong'olewa, matokeo yanapishana. Sababu kubwa ni kipimo. Mwanga kidogo mno haufanyi kitu, na ukizidi unaidumaza seli badala ya kuiamsha. Melanini nayo, ile rangi inayoifanya ngozi na hata fizi kuwa nyeusi, hufyonza sehemu ya mwanga kabla haujapenya, hivyo kipimo cha mtu mweupe si lazima kimfae mtu mweusi. Tena penye uvimbe wa saratani haumulikwi mwanga huu bila daktari wa saratani kuamua, maana kinachoamsha seli njema kinaweza kuamsha na mbaya.

Siku hizi taa nyekundu zinauzwa mtandaoni kama njugu, kila moja ikiahidi kuponya fizi, kung'arisha ngozi na kurudisha nywele. Anayetaka kununua amuulize muuzaji maswali matatu: mwanga wake ni wa nanomita ngapi, una nguvu kiasi gani, na umulikwe kwa dakika ngapi. Ugunduzi wa Mester ulitokana na leza yenye nguvu pungufu. Muuzaji asiyejua nguvu ya taa yake bado hajafika hata Budapest.