Ulimi wa Kiini: Historia ya Taarifa za Linux

Kila mtambo mkubwa huhitaji ulimi wa kueleza maradhi yake. Katika kompyuta kazi hiyo ni ya kiini, yaani programu iliyo chini ya programu zote, igawayo kumbukumbu na kuamuru vifaa. Programu ya kawaida ikiharibika, kiini hubaki kuwa shahidi. Kiini chenyewe kikianguka, hakuna mwingine wa kukishuhudia. Hapana budi kiseme chenyewe, hata katika pumzi ya mwisho.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotoa Linux mwaka 1991, ulimi huo ulikuwamo tangu toleo la kwanza, nao uliitwa printk. Baadaye taarifa zake zilipangwa katika daraja nane, kutoka 0, ya msiba mkuu, hadi 7, ya maelezo ya mafundi. Kila taarifa huwekwa katika akiba iliyo mfano wa pete: nafasi ikijaa, mpya hufuta ya kale. Msimamizi huzisoma kwa amri iitwayo dmesg.

Lakini kusema kulikuwa na gharama. Prosesa iliyoandika taarifa mara nyingi ililazimika kungoja mpaka ifike kwenye skrini au ipite katika waya upelekao herufi moja moja, na pengine ilibebeshwa taarifa za wenzake. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, waya huo hupitisha herufi zipatazo 11,520 tu. Tena akiba ililindwa kwa kufuli: prosesa moja ikikwama na ufunguo mkononi, nyingine zingeweza kunyamazishwa, na ushahidi ukapotea saa ile ile utakiwapo.

Mwaka 2019 John Ogness alipendekeza matengenezo makubwa. Akiba isiyo na kufuli iliingizwa katika toleo 5.10, mwaka 2020. Mwaka 2022 uchapaji ulikabidhiwa watumishi wa pekee ndani ya kiini, lakini mpango huo ukaondolewa kabla toleo 5.19 halijatoka, kwa kuwa taarifa za mwisho hazikuwa na hakika ya kufika. Mwaka 2024 ilikubaliwa njia ya kati: siku za afya taarifa hupelekwa na mtumishi, saa ya msiba kiini hunyakua kifaa kikasema chenyewe. Kikwazo hicho kilipoondoka, toleo 6.12 liliweza kukamilisha kazi iliyoanza yapata miaka 20 nyuma, ya kuiwezesha Linux kutenda kwa wakati uliowekwa bila kuchelewa.

Ushahidi uzuiao kazi huchukiwa, na kazi isiyoacha ushahidi haiaminiki. Mafundi hao walitumia miaka mingi kuyapatanisha mambo hayo mawili.