Dari ya Wahamiaji: Kuitafuta Familia ya Guastavino

Familia iliyohama huacha nyayo mahali pawili, na mtafiti anayefuata upande mmoja hubaki na nusu ya habari. Huko Hispania, Rafael Guastavino ni mzaliwa wa Valencia wa mwaka 1842, aliyesomea ujenzi Barcelona na kusanifu huko kiwanda kikubwa cha nguo cha Batlló. Kufika 1881 habari zake zinakatika. Zinaanza upya New York, alikotua na mwanawe mdogo, naye Rafael. Majina hayo yamewaponza wengi, wakahesabu kazi ya watu wawili kuwa ya mmoja.

Mali aliyovuka nayo bahari ni ufundi wa kwao wa kujenga dari za tao kwa vigae vyembamba. Fundi hupaka jasi ukingoni mwa kigae, hukibandika ubavuni mwa mwenzake na kukishikilia kidogo tu. Jasi ikishakamata, huchukua kingine. Juu ya tabaka hilo hupangwa mengine kwa saruji, viungio vikipishana, hadi dari ijibebe yenyewe. Miji ya Marekani ilikuwa imeunguzwa vibaya, Chicago 1871 na Boston 1872, na ilitaka dari isiyoshika moto. Mwaka 1889 Guastavino alipata kazi ya Boston Public Library, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni. Alifariki 1908. Mwaka uliofuata mwanawe alilijengea kuba kanisa kuu la St. John the Divine, New York, mafundi wakikanyaga kazi waliyoimaliza jana yake.

Kampuni hiyo ilishiriki katika majengo takriban 1,000, lakini sifa ziliandikwa kwa wasanifu walioiajiri. Ndiyo maana anayewatafuta hana budi kusoma hataza, mikataba na michoro yao. Kampuni ilipofungwa 1962, nyaraka hizo ziliokolewa na George Collins, profesa wa Columbia University. Leo zimehifadhiwa katika Avery Library ya chuo hicho.

Ushahidi unaonigusa zaidi uko Ellis Island, New York, katika ukumbi walikoandikishwa wahamiaji. Dari yake iliharibiwa na mlipuko wa 1916, na kampuni ikaijenga upya kwa vigae mwaka 1918. Ilipokarabatiwa miaka ya 1980, kati ya vigae zaidi ya 28,000, ni 17 tu vilivyohitaji kubadilishwa. Mgeni aliyeinua macho akisubiri zamu yake alikuwa akitazama kazi ya wageni wenzake.

Ufundi wenyewe bado uko safarini. Mwaka 2017 ulifunguliwa uwanja wa kriketi wa Gahanga, Kigali, matao yake yakiwa ya vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji. Basi, anayetafiti familia ya wajenzi na aanze na majina, kisha aingie ndani ya nyumba walizojenga, atazame juu.