Usiniulize kama tochi ni ya chuma, niulize kama inafunguka

Wasee, leo sina video. Leo nina tochi mbili mezani na deni kwa mathe.

Tochi ya kwanza ni ya Guka, baba yake mathe. Miaka ya sabini Guka alikuwa soja wa usiku kwa nyumba za watu Lavington. Kila jioni alitembea kutoka Waithaka akiwa na koti refu, rungu na hiyo tochi. Unaijua tu, hata kama hujawahi kuishika: ndefu, inang'aa, ina mistari mwilini, inameza mawe mawili makubwa.

Tochi ya pili ni yangu. Nyeusi, alumini, imekaa kama kitu cha komando. Niliinunua tao kwa Sh1,800. Unaichaji kwa waya kama simu. Nilipoiwasha mara ya kwanza, niliona mpaka paka wa jirani juu ya mabati.

Mwaka jana nikafanya kitu najutia. Niliona tochi ya Guka ingependeza sana kwa rafu iliyo nyuma yangu nikirekodi. Nikaichukua kwa mathe, nikampa ile nyeusi. Nikamwambia, "Hii ndiyo ya kisasa, Mum." Mathe huuza mboga Kawangware. Saa kumi asubuhi huwa ashatoka kwa nyumba kwenda Marikiti kutafuta sukuma na nyanya, na kabla afike stage kuna kichochoro ambacho hakijawahi kuona taa ya barabarani.

Mwezi wa saba ile tochi ya kisasa ikazima katikati ya kichochoro. Haikufifia kwanza ili impe onyo. Ilizima tu. Mathe akakanyaga mtaro wazi, akateguka kifundo cha mguu, akakaa nyumbani wiki tatu bila kuuza. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Baba, nirudishie tochi ya babangu."

Nikarudisha. Halafu, kama mtu wa mtandao, nikataka kuandika ile posti unaijua: vitu vya zamani vilikuwa vya chuma, vya sasa ni takataka. Ingepata likes mob sana. Lakini nikaona wacha nipeleke tochi zote mbili kwa fundi mmoja mzee pale 46, anieleze kwanza. Nafurahi nilienda, kwa sababu ile posti ingekuwa uongo.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua sumaku ya spika iliyokufa na kuiweka kwa tochi ya Guka. Haikushika. Akanionyesha mahali rangi ya fedha imeisha kwa kushikwa miaka mingi, na chini yake nikaona njano. "Hii si chuma, kijana. Ni shaba ya njano imepakwa kromu. Ndiyo maana haijaota kutu." Familia yetu yote imeiita tochi ya chuma kwa miaka karibu hamsini.

Kisha akaanza kuikosoa. Ukuta wake ni mwembamba, ukiubonyeza na kidole gumba unahisi unakubali. Ndani kuna ukoko wa kijani wa mawe yaliyovuja. Swichi ni kipande cha shaba kinachotelezeshwa tu. Hakuna mpira wa kuzuia maji. Kile kioo cha ndani cha kurudisha mwanga kimepoteza mng'ao.

Akashika yangu. Akaipima kwa mkono, akapitisha kucha kwa ile michoro midogo inayozuia kuteleza. "Hii imechongwa kwa mashine kutoka kipande kimoja kizima cha alumini. Ukuta mnene. Rangi haijapakwa, imetiwa kwa umeme ndani ya asidi, ngozi yenyewe imekuwa ngumu. Kama ni mashindano ya mwili tu, Guka wako ameshindwa."

Halafu akajaribu kufungua kichwa. Kikakataa. Akajaribu mkia. Ukakataa. Kote gundi. Alipoipasha moto na kuifungua kwa nguvu, tukaona betri imevimba na imechomelewa kwa waya. Mwili mzima kabisa, betri imekufa, na hakuna njia ya kuingia bila kuharibu. Fundi akasema, "Waliotengeneza huu mwili walikuwa na akili. Hawakutaka tu wewe uingie."

Hapo ndipo nilianza kusoma historia ya kitu ambacho sikudhani kina historia.

Tochi ya kwanza haikuwa ya chuma kabisa. Januari 1899, mvumbuzi Mwingereza aliyekuwa akiishi New York, David Misell, alipata hataza ya Marekani ya taa ya mkononi. Mwili wake ulikuwa bomba la karatasi ngumu. Mwajiri wake alikuwa Conrad Hubert, mhamiaji kutoka Urusi, ambaye biashara yake ndiyo ilikuja kuzaa jina Ever Ready. Mawe ya wakati huo yalikuwa dhaifu, kwa hivyo ulimulika kidogo, ukazima, ukangoja yapumzike. Ndiyo maana kwa Kiingereza cha Marekani hadi leo jina la tochi lina maana ya mwanga wa kumetameta.

Lakini kitu kikubwa kilikuwa kimetokea mwaka mmoja kabla. Mwaka 1898 kampuni ya Marekani, National Carbon, ilitoa jiwe kubwa la duara ambalo leo tunalijua kwa herufi D. Unene wake ni kama milimita 33, urefu kama 61, volti 1.5. Na lile unalonunua leo kwa duka la mtaa ni ukubwa uleule. Zaidi ya miaka 120 imepita, falme zimeanguka, Kenya imekuwa koloni na ikaacha kuwa koloni, na bado jiwe la D linaingia kwa tochi ya D.

Kumbe siri ya tochi ya Guka si ile shaba. Ni makubaliano. Viwanda tofauti, vya nchi tofauti, vilikubaliana ukubwa wa jiwe, na mwili wa tochi ukachongwa kufuata hayo makubaliano. Mkia una nyuzi za kukazia, unazungusha, unatoa mawe, unaweka mengine. Glopu nayo unaizungusha inatoka. Hakuna aliyehitaji ruhusa ya kampuni.

Na sisi hapa tulikuwa na upande wetu. Mwaka 1967 Eveready ilianzishwa Kenya, na kiwanda cha Nakuru kikawa kinatoa mawe ambayo kila duka la kijijini lilikuwa nayo, yale ya paka anayeruka ndani ya namba 9. Mathe anakumbuka Guka akitoka kazini asubuhi, akifungua mkia na kugeuza jiwe moja kichwa chini, ili tochi isijiwashe na kumaliza moto bure. Mawe yakichoka aliyaanika juu ya mabati. Joto kweli huamsha kemikali kidogo, unapata usiku mmoja au miwili zaidi. Jiwe likianza kulainika analitoa, kwa sababu kopo la zinki ndilo linaloliwa kutengeneza umeme, na likitoboka linavuja. Yote haya ni maarifa ya mtu asiyesoma umeme popote. Aliyapata kwa sababu tochi yake ilifunguka.

Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Kilikuwa kimezidiwa na mawe ya bei rahisi kutoka nje na yale feki. Hata watu wenyewe walikuwa wamebadilika, kwa sababu simu ilikuwa imeingia. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, na dunia nzima zikauzwa zaidi ya milioni 250. Sisi tukaziita simu za aina hiyo mulika mwizi. Jina lenyewe linakuambia Wakenya tuliiona kwanza kama nini: tochi inayopiga simu. Na hata hiyo, ulifungua mgongo kwa ukucha na kubadilisha betri.

Sasa turudi kwa mwili wenyewe, kwa sababu najua kuna wasee wangu wanaopenda tochi kama vile wengine wanapenda viatu. Huko kwenu baba wa mambo ni Tony Maglica. Alizaliwa New York mwaka 1930, akalelewa kisiwa cha Zlarin huko Croatia, akarudi Marekani mwaka 1950 bila kitu. Mwaka 1979 akatoa Maglite, tochi ya alumini iliyochongwa kwa mashine, nzito, yenye mpira wa kuzuia maji kila mahali panapofunguka. Polisi wa Marekani waliipenda kwa mwanga na, tuseme ukweli, kwa uzito pia. Angalia lakini: pamoja na ufundi wote huo, mkia bado ulifunguka na ndani bado kulikuwa na mawe ya D.

Halafu LED ikabadilisha kazi ya mwili. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alitoa LED ya bluu yenye mwanga mkali. Mwaka 1996 ikaja nyeupe. Mwaka 2014 yeye, Akasaki na Amano wakapewa Nobel ya fizikia. LED haili moto mwingi, lakini inachukia joto. Ikipata joto kupita kiasi inafifia na maisha yake yanapungua. Kwa hivyo mwili wa tochi ukaacha kuwa kopo la mawe tu, ukawa njia ya joto kutoka. Alumini hupitisha joto karibu mara elfu moja kuliko plastiki ya kawaida, na mara kumi au zaidi kuliko chuma cha pua. Shaba nyekundu hupita zote hizo, lakini ni nzito na inageuka rangi. Kwa hivyo mtu akikuambia alumini ni ya urembo, anakudanganya. Alumini ina kazi pale.

Ndio maana nasema mwili wa tochi yangu nyeusi ulikuwa mzuri kweli. Mnene, mwepesi, unatoa joto. Waliofanya kazi hiyo walijua wanafanya nini. Halafu mtu mwingine, pengine wa hesabu, akaamua itiwe gundi.

Kuna mtu ataniambia gundi ni ya kuzuia maji. Hapana, buda. Tochi za wapiga mbizi huingia baharini na bado zinafunguka. Kinachozuia maji ni duara la mpira na nyuzi zilizochongwa vizuri. Huo mpira ni wa bei ya peremende.

Kwa hivyo ukienda kununua tochi, hata kama ni pale nje kwa mwanga wa duka, fanya hivi. Zungusha mkia. Nyuzi nzuri zinateleza polepole bila kukwaruza na bila kucheza kushoto kulia. Angalia ncha ya bomba uone unene wa ukuta. Tafuta ule mpira, uhakikishe unaweza kutoka na kubadilishwa. Jaribu na kichwa kama kinafunguka. Mwisho, uliza betri ni ya ukubwa gani. Ukiambiwa 18650, hiyo ni lithiamu yenye unene wa milimita 18 na urefu wa 65, ukubwa unaojulikana duniani. Utapata nyingine, lakini nunua mpya ya kuaminika, usichukue iliyotolewa kwa laptop iliyokufa, zinaweza kulipuka moto. Ukiambiwa D, utaipata mpaka kwa kiosk ya mwisho Ngando. Ukiambiwa "iko ndani tu," rudisha, hata kama mwili umechongwa na malaika.

Usifikiri hii ni stori ya watu wa kukusanya tochi. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza. Usiku huo kila mtu mtaani alijua tochi yake ni ya aina gani. Na kuna watu ambao kwao kila asubuhi ni kama usiku huo. Soja, mama wa mboga, mtoto wa shule anayetoka kukiwa giza. Hao hawanunui tochi wakipenda. Kwa Sh1,800 na miezi saba, mathe alilipa zaidi ya Sh250 kila mwezi kwa mwanga, halafu akalipa na mguu.

Fundi hakuishia kunihubiria. Alikwangua ule ukoko wa kijani, akasugua swichi na msasa, akaweka glopu ya LED yenye kitako kilekile cha ile ya zamani. Mawe mawili mapya. Tochi ya Guka sasa inamulika vizuri kuliko Guka alivyowahi kuiona, na bado unaifungua kwa mkono.

Haiko kwa rafu yangu tena. Iko juu ya friji karibu na mlango, mahali mathe anaifikia akiwa amebeba kikapu. Jana usiku nilimwona akifungua mkia, akageuza jiwe moja kichwa chini, akafunga. Hakuna aliyemwambia.